Ruzuku za hisani kwa utafiti wa sera za uchumi na utawala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu wa maombi ya ruzuku. Mengine ni ya watafiti wanaoandika andiko lao la kwanza, mengine ya wakurugenzi waliochoka kuishi mradi kwa mradi. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo linapogusa swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Misingi

1. Utafiti wa sera ni upi, na unatofautianaje na utafiti wa chuo kikuu?

Utafiti wa sera huanzia kwenye uamuzi ambao mwenye mamlaka atalazimika kuufanya: kuondoa ruzuku ya mafuta au kuiacha, kuzipa serikali za mitaa mamlaka ya kukusanya kodi ya majengo au kuyarudisha makao makuu. Mbinu ni zile zile za chuoni. Tofauti iko kwa msomaji. Mwanazuoni huwaandikia wanazuoni wenzake, ilhali mtafiti wa sera anaandika ili mbunge, katibu mkuu wa wizara na mhariri wa gazeti waelewe na waweze kubishana naye.

Uchumi na utawala huwekwa kwenye kapu moja kwa sababu havitengani. Ukichunguza kwa nini barabara imegharimu mara mbili ya makadirio, utaanza na bei ya lami na kuishia kwenye kamati ya zabuni.

2. Kwa nini zitumike pesa za hisani? Serikali si ina wachumi wake?

Inao, na wengi ni hodari. Lakini kila serikali ina maswali isiyopenda kuulizwa, hasa yanayohusu utendaji wake yenyewe. Soko nalo haliwezi kuyalipia, kwa kuwa matokeo yakishachapishwa ni ya kila mtu na hakuna wa kuyauzia. Fedha za hisani hujaza pengo hilo.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, Malcolm Rorty, mtakwimu wa kampuni ya simu ya AT&T, na Nahum Stone, mchumi wa mrengo wa kijamaa, walikuwa wakitofautiana karibu katika kila jambo. Walikubaliana moja tu: hakuna kati yao aliyeweza kuonyesha kwa takwimu jinsi pato la taifa la Marekani lilivyogawanyika. Mwaka 1920 ikaanzishwa NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ambayo bodi yake iliundwa makusudi kwa watu wa mitazamo inayopingana, nayo ikajiwekea sharti la kutopendekeza sera. Fedha za kuanzia zilitoka kwa wafadhili wa hisani, na utafiti wake wa kwanza ulishughulikia swali lile lile la pato la taifa. Kampuni isingeulipia, na chama cha wafanyakazi kingeulipia kisiaminike.

3. Ni nani hasa hutoa fedha hizi?

Wakongwe ni wa Marekani: Wakfu wa Russell Sage (1907), Carnegie (1911), Rockefeller (1913), Sloan (1934) na Ford (1936). Baadaye wakaja Hewlett, Gates na Open Society, kila mmoja na mwelekeo wake. Wakfu wa Mo Ibrahim, ulioanzishwa 2006, huandaa wenyewe kipimo cha utawala barani Afrika.

Usisahau mifuko ya pamoja. AERC, mtandao wa utafiti wa uchumi wenye makao Nairobi, ulianza 1988 kwa fedha za wafadhili kadhaa, wakfu na serikali pamoja, na umesomesha wachumi wengi ambao sasa wako benki kuu na wizara za fedha za Afrika. Mpango ulioitwa Think Tank Initiative ulisimamiwa na shirika la Kanada la IDRC kuanzia 2008 hadi 2019, ukazipa taasisi zaidi ya 40 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini fedha zisizofungwa na mradi (tazama swali la 9).

4. Wakfu wanapata wapi fedha, na kwa nini wanalazimika kuzitoa?

Kwa kawaida tajiri huweka mtaji, mtaji huwekezwa, na faida hutolewa kama ruzuku. Sheria ya Marekani huwataka wakfu binafsi watoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wao. Kwa hiyo soko la hisa likiporomoka, bajeti ya ruzuku nayo hutikisika, mara nyingi kwa kuchelewa mwaka mmoja au miwili.

Jambo hili lina upande wa pili usiosemwa vya kutosha. Fedha hizo zilisamehewa kodi, maana yake umma nao umechangia. Ndiyo sababu umma una haki ya kuuliza zilitumikaje na matokeo yako wapi.

## Kuomba

5. Mfadhili ninayemtaka hatangazi nafasi za maombi. Nianzie wapi?

Anza kwa kusoma alichokwisha kulipia. Wakfu binafsi wa Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, ambayo ni ya wazi kwa umma na huorodhesha kila ruzuku: nani kapewa, kiasi gani, kwa kazi gani. Saa mbili juu ya fomu hiyo zitakufunza zaidi ya tovuti nzima yenye picha za watu wanaotabasamu.

Kisha mwandikie afisa programu andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo lako, la kurasa mbili. Usiombe fedha kwenye barua ya kwanza. Uliza kama swali lako liko ndani ya mipaka ya programu yake. Jibu la "hapana" linalokuja mapema limekuokolea miezi.

6. Andiko zuri huwa na nini ambacho maandiko mengine hayana?

Linataja uamuzi, mwamuzi na tarehe. Linganisha sentensi hizi. Ya kwanza: "Utafiti huu utachangia mjadala wa uwazi katika matumizi ya umma." Ya pili: "Kamati ya bajeti ya bunge itapitia upya sheria ya manunuzi mwakani, tutapima kama kuchapisha mikataba kumepunguza bei katika zabuni za dawa, na kamati itapata matokeo kabla ya vikao kuanza." Afisa anayesoma maandiko thelathini kwa wiki ataikumbuka ya pili.

Kipimo changu kingine ni aya moja inayokosekana karibu kila mahali: tutasema nini iwapo matokeo yatakuwa kinyume na tunavyotarajia? Asiyeweza kuiandika aya hiyo ameshaamua jibu lake, na sioni kwa nini mtu yeyote amlipie kulitafuta.

7. Taasisi yetu ni changa, haina hesabu zilizokaguliwa. Tumekwama?

Hapana. Tafuta taasisi mlezi, yaani shirika lililosajiliwa na lenye hesabu safi litakalopokea ruzuku kwa niaba yenu kwa ada mnayokubaliana. Wekeni kwa maandishi mambo matatu: nani anaidhinisha malipo, nani anamiliki data, na nini kitatokea mkiachana. Kipengele cha data ndicho huzaa ugomvi.

## Bajeti na mkataba

8. Gharama za uendeshaji niweke asilimia ngapi?

Weka gharama halisi, kisha jadiliana. Chukua mradi ambao kazi zake za moja kwa moja (watafiti, wadodosaji, safari, uchapishaji) zinafika dola 100,000. Mfadhili anaruhusu asilimia 10 kwa ajili ya uendeshaji, yaani dola 10,000. Lakini mhasibu, pango, intaneti, ukaguzi wa hesabu na muda wa mkurugenzi, vikigawanywa kwa haki, vinafika 25,000. Umepata mradi na umepata pengo la 15,000. Ukishinda miradi kumi ya namna hiyo, taasisi iliyojaa kazi imefilisika kwa dola 150,000.

Viwango hutofautiana sana. Wakfu wa Gates wana ukomo unaofika asilimia 15 kwa mashirika yasiyo ya kiserikali na 10 kwa vyuo vikuu. Wakfu wa Ford walipandisha kutoka 10 hadi 20 katikati ya muongo wa 2010, baada ya kukiri kwamba kiwango cha zamani hakikuwa kinalipa gharama za kweli. Usione haya kuliuliza jambo hili. Mfadhili anayetaka matokeo ya kuaminika anahitaji mhasibu wako awepo kazini.

9. Kuna tofauti gani kati ya ruzuku ya mradi na ruzuku ya jumla?

Ruzuku ya mradi hulipia kazi iliyotajwa. Ruzuku ya jumla huachia taasisi iamue. Kwa utafiti wa sera tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu sera haifuati ratiba ya mfadhili. Waziri wa fedha akitangaza kodi mpya ya miamala Jumatatu, mjadala utakuwa umekwisha kabla andiko la mradi halijapitishwa. Taasisi yenye fedha huru humwita mchumi wake siku hiyo hiyo, naye huchambua nani ataumia.

Fedha huru pia hulipia kazi zisizo na mvuto: kusafisha data, kurudia utafiti wa mwenzako, kumlea mtafiti kijana. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja katika uwanja huu, ningeanzia hapa.

10. Ni vifungu gani vya mkataba nisivyopaswa kusaini?

Kimoja kikubwa: kinachompa mfadhili haki ya kuidhinisha uchapishaji. Kinaweza kujificha katika maneno ya upole kama "matokeo yatachapishwa kwa makubaliano ya pande zote mbili." Hiyo ni kura ya turufu. Omba kibadilishwe kisomeke hivi: "Mfadhili anaweza kutoa maoni juu ya rasimu ndani ya siku 30. Uamuzi wa mwisho juu ya maudhui na uchapishaji ni wa mtafiti."

Angalia pia umiliki wa data, haki ya mfadhili kusitisha ruzuku bila sababu, na sarafu. Ruzuku ikilipwa kwa awamu katika sarafu ya kigeni ilhali mishahara ni ya sarafu ya nyumbani, kubadilika kwa thamani kunaweza kula awamu ya mwisho. Andika mapema nani atabeba hasara hiyo.

## Uhuru wa mtafiti

11. Mfadhili anaweza kuathiri matokeo hata kama mkataba ni safi?

Anaweza, na mara nyingi hafanyi hivyo kwa kubadilisha namba. Huchagua swali. Ukilipia tafiti ishirini juu ya mikopo midogo na hakuna hata moja juu ya mishahara, hujamdanganya mtu, ila umeuelekeza mjadala.

Historia ina somo zito. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Carnegie walifadhili uchunguzi kuhusu umaskini wa Wazungu nchini Afrika Kusini. Ripoti yake ya juzuu tano ilitoka 1932. Ilikuwa kazi ya kina, lakini swali lenyewe liliwaacha nje wengi waliokuwa maskini zaidi, nayo ikatumika kuhalalisha sera za kuwapendelea Wazungu. Katika miaka ya 1980 Carnegie hao hao wakafadhili uchunguzi wa pili, uliosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya mchumi Francis Wilson, na safari hii umaskini wa Waafrika chini ya ubaguzi wa rangi ukawa ndiyo kiini. Mfadhili alikuwa yule yule na nchi ile ile. Kilichobadilika ni swali na watu walioitwa kulijibu.

Kinga ninayoiamini ni kuwaweka wanaoguswa na sera kwenye meza ya kutunga maswali, mapema, wakati bajeti bado inaweza kubadilika.

12. Matokeo yangu yanapingana na msimamo wa mfadhili. Nifanye nini?

Yachapishe. Mjulishe kabla hayajatoka, kwa heshima, ili asiyasome kwanza gazetini. Mpe nafasi ya kuonyesha kosa la kitaalamu, na ukikuta kosa kweli, lirekebishe na useme limetoka wapi. Asipokuwa na hoja zaidi ya kutopendezwa, mkataba wa swali la 10 ndio utakaokulinda. Usipokuwa nao, andika kumbukumbu ya kila mazungumzo na uishirikishe bodi yako.

Inawezekana usipewe ruzuku tena. Hiyo ni gharama ya kweli na sitaipunguza kwa maneno matamu. Lakini taasisi inayojulikana kuzika matokeo haisikilizwi na wabunge wa upande wowote, na ikifika hapo haina cha kumpa mfadhili mwingine.

13. Utafiti unageuka lini kuwa ushawishi wa kisiasa?

Kila nchi ina mpaka wake, hivyo soma sheria ya kwenu. Kwa ruzuku za Marekani, wakfu binafsi hawaruhusiwi kutenga fedha kwa ajili ya kushawishi kupitishwa au kukataliwa kwa mswada. Uchambuzi usioegemea chama unaruhusiwa, hata ukifikia hitimisho, mradi uweke ukweli wote mezani kiasi cha kumwezesha msomaji kuamua mwenyewe. Kumpigia debe mgombea hakuruhusiwi kabisa.

14. Nitangaze wafadhili wangu wote?

Ndiyo, kwenye kila chapisho na kwenye tovuti, pamoja na viwango. Tangu 2012 Chama cha Wachumi cha Marekani huwataka waandishi wa majarida yake wataje wadau wenye maslahi waliowapa jumla ya dola 10,000 au zaidi katika miaka mitatu iliyopita. Ni kiwango kizuri cha kuiga hata kama huandikii majarida hayo. Fedha za mtoaji asiyetaka kutajwa jina zikatae, labda kuwe na hatari ya kweli kwa usalama wake, na hapo sema wazi kwamba yupo mtoaji asiyetajwa na kwa nini.

15. Kwa nini wafadhili wanasisitiza data iwe wazi?

Kwa sababu makosa hutokea hata kwa wakubwa. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyoonyesha kwamba nchi tajiri zenye deni la umma linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hudorora. Ilinukuliwa sana na watetezi wa kubana matumizi. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliomba faili lao la hesabu akakuta fomula imeziacha nje nchi tano. Yeye na walimu wake waliporekebisha kosa hilo pamoja na mengine waliyoyahoji, wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni hilo kubwa ukatoka asilimia −0.1 hadi 2.2. Mjadala kuhusu deni na ukuaji haujaisha, lakini bila faili lile hakuna ambaye angejua.

Data zenye taarifa za watu binafsi ni jambo tofauti. Ondoa utambulisho kwanza, na uheshimu kibali cha maadili kilivyosema.

## Hali ngumu

16. Serikali inazuia au inawekea masharti fedha za nje. Tufanyeje?

Pata ushauri wa mwanasheria kabla fedha hazijaingia akaunti. India ni mfano wa karibu: mabadiliko ya 2020 ya sheria ya michango ya nje yalishusha ukomo wa gharama za utawala kutoka asilimia 50 hadi 20, na kupiga marufuku kupitisha fedha hizo kwa shirika jingine. Taasisi ya Centre for Policy Research ya Delhi, iliyokuwepo tangu 1973, ilisimamishiwa leseni ya kupokea fedha za nje mwaka 2023 na kufutiwa 2024, ikapoteza wafanyakazi wengi.

Ndiyo maana mchango wa ndani, hata ukiwa mdogo, una uzito usiolingana na kiasi chake. Unaifanya taasisi iwe ngumu kuitwa kibaraka, na unaipa pumzi siku ya dhoruba.

17. Takwimu zetu zinapingana na za serikali. Tunaweza kuzichapisha?

Inategemea sheria ya nchi. Tanzania, marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yalifanya kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kukanusha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake hadharani, na vifungu hivyo vikalegezwa 2019. Popote ulipo, ipelekee ofisi ya takwimu mbinu zako mapema na uombe maoni kwa maandishi. Mara nyingi tofauti ni ya sampuli au ya mwaka wa msingi, na kuieleza hivyo huimarisha kazi yako.

18. Mfadhili mmoja analipia zaidi ya nusu ya bajeti yetu. Ni tatizo?

Ni tatizo hata akiwa mfadhili mwema kupindukia. Mkakati wake ukibadilika au rais wake akistaafu, nusu ya ofisi inafungwa. Wekeni akiba ya miezi kadhaa ya mishahara, na mwambieni mfadhili mwenyewe. Wengi hutoa ruzuku ya mwisho ya kuagana ukiwaomba mapema, na karibu hakuna anayetoa ukiomba baada ya barua ya kusitisha kufika.

19. Mfadhili wetu amekumbwa na kashfa. Turudishe fedha?

Hakuna jibu moja. Tenganisheni fedha zilizokwisha kutumika, ambazo kwa kawaida hazirudishiki, na zile zilizobaki. Bodi ndiyo iamue, si mkurugenzi peke yake, na uamuzi utangazwe pamoja na sababu. Jina la mfadhili libaki kwenye machapisho yaliyokwisha kutoka: kulifuta kimyakimya kunamnyima msomaji habari anayoihitaji zaidi sasa kuliko mwanzo.

20. Tutathibitishaje kwamba utafiti wetu umebadilisha sera?

Mara nyingi hamtaweza kuthibitisha kikamilifu, na mfadhili mwenye uzoefu anajua. Sera ina wazazi wengi. Wekeni kumbukumbu za vitu vinavyoonekana: kumbukumbu za bunge zilizowanukuu, rasimu ya mswada kabla na baada ya maoni yenu, barua ya wizara kuomba data. Andikeni pia pale mlipopuuzwa, na mnavyodhani kwa nini. Ripoti yenye ukurasa huo huaminiwa katika kurasa zake nyingine.

Tafiti nyingine hulala kwanza. Makadirio ya gharama yaliyokataliwa bajeti hii yanaweza kutolewa kabatini miaka minne baadaye, waziri mwingine akiingia. Kwa hiyo ombeni kwenye bajeti fedha kidogo za kuhifadhi data na machapisho kwa muda mrefu baada ya ruzuku kuisha, na mtajeni mtu atakayejibu simu wizara ikipiga.